Kabati Lisilo na Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza na Kufunga Makabati ya Chumba cha Jumuiya

Kabati la nyumbani lina mwenyewe. Mlango ukianza kukwaruza, yupo anayeusikia kila siku, na siku moja atashika bisibisi aurekebishe. Kabati la chumba cha jumuiya halina mtu huyo. Jumatano wapo wanakwaya, Alhamisi kikundi cha kushona, Jumamosi watoto, na bawaba ikikatika kila kundi linaapa kwamba liliikuta hivyo. Kwa hiyo unapotengeneza kabati la namna hii usimfikirie mtu mwangalifu. Mfikirie yule aliyebeba viti vinne, anayefunga mlango kwa goti. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia rafu hadi mshikio, unamhusu yeye.

Nitaeleza kabati moja refu la milango miwili, upana 900 na kimo 2,100 pamoja na kitako, yaani fremu ya chini ambayo kabati linaikalia. Ukiliweza hilo, matatu au manne yakipangwa bega kwa bega yanajaza ukuta. Vipimo vyote ni milimita. Kwa kazi hii sentimita ni kubwa mno.

Vitu kwanza, ukuta baadaye

Wengi huanza kwa kuvuta futi ukutani. Mimi naanza sakafuni. Toa kila kinachotakiwa kuhifadhiwa, kipange chini kwa mafungu kama kitakavyokaa kabatini, kisha pima mafungu hayo. Faili kubwa la karatasi za A4 lina kimo cha 320 hivi, hivyo nafasi ya 350 kati ya rafu na rafu inalitosha na vidole vinapita juu yake. Meza za kukunja hazitaki rafu kabisa. Zinataka nafasi ya kusimama wima na kizuizi kifupi mbele zisiteleze. Mapipa ya plastiki yapime mdomoni, maana huko ndiko yanakopanuka.

Vizito viwe chini. Vinavyoshikwa kila siku viwe kati ya 400 na 1,200 kutoka sakafuni, kimo ambacho mtoto aliyekua kidogo na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu wanakifikia. Dawa za kusafishia ziende juu, nyuma ya kufuli. Na uliza mapema swali linaloleta ugomvi baadaye: je, kila kundi litakuwa na kabati lake na ufunguo wake? Kugawa kabati kwenye karatasi ni kazi ya dakika tano. Kuligawa likiwa limeshapakwa rangi ni habari nyingine.

Sasa nenda ukutani. Pima upana chini, katikati na juu, kisha ufuate kipimo kidogo kuliko vyote. Pima dari kona zote. Weka alama kwenye soketi, swichi, na upande ambao mlango wa chumba unafungukia. Usizibe njia ya dharura, kizimamoto wala boksi la umeme, hata kama hapo ndipo penye nafasi nzuri kuliko pote. Mwisho pima milango na ngazi ambako kabati litapitishwa.

Kwenye vipimo hivi ndipo niliwahi kuumbuka. Nilitengeneza kabati la kimo 2,350 na kina 600 kwa chumba chenye dari ya 2,400. Kwa akili yangu nilikuwa na 50 za kucheza nazo. Tuliliingiza limelala, tukalishika watu wanne, tukaanza kulisimamisha, na kona ya juu ikagonga dari kabati likiwa bado limeinama. Tukashusha, tukageuza, tukajaribu tena, ikagonga palepale. Kabati linaposimamishwa halipiti kwa kimo chake. Linapita kwa mshazari wake, toka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, na mshazari wa 2,350 kwa 600 ni 2,425. Nilizidisha milimita 25. Tulilikata humohumo chumbani, mbele ya wazee waliokuja kulipokea.

Tangu siku hiyo kitako nakitengeneza peke yake. Kabati lile lingekuwa na kitako cha 100 kilichotengana, sanduku lingebaki 2,250, mshazari 2,329, na lingesimama bila kugusa kitu, kisha likanyanyuliwa juu ya kitako. Faida ya pili utaiona wakati wa kufunga.

Mbao ipi

Plaiwudi ya 18 ndiyo ninayoipendekeza kwa sanduku na rafu. Tabaka zake zimepishana, kwa hiyo haipindi ovyo, inashika skrubu vizuri na inavumilia maji kidogo. Chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini kukata, lakini skrubu ikishang'oka mara moja tundu lake halishiki tena, na maji ya kupigia deki yakiingia ukingoni inavimba kama mkate. MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inafaa kwa milango ya kupaka rangi kwa sababu uso wake ni laini, ila ni nzito na kingo zake hunywa maji. Mbao nzima nzuri, iliyokauka, ihifadhi kwa kitako, viunzi vya nyuma na ubao wa mbele wa rafu. Usiitumie kwa vipande vipana: mbao nzima hutanuka na kunywea kwa upana wake kadiri unyevu unavyobadilika, na kipande cha 430 kitakusumbua.

Kabla ya kununua, inua shiti upande mmoja utazame kwa jicho moja kama linakwenda sawa. Gonga katikati, mlio wa utupu maana yake kuna shimo ndani ya tabaka. Tazama kingo. Kisha pima unene, kwa sababu plaiwudi inayoitwa 18 mara nyingi haifiki 18 kamili, na tofauti hiyo inaingia mara mbili kwenye upana wa ndani wa kabati. Shiti la 2,440 kwa 1,220 lina uzito wa kilo 30 hivi, lichukuliwe na watu wawili. Lihifadhi limelala, juu ya vijiti. Likiegemezwa ukutani wiki nzima litapinda, na hakuna bawaba itakayolinyoosha.

Ramani ya kukata

Msumeno unakula milimita 3 kila unapopita. Ukisahau hilo, kipande cha mwisho kinatoka kifupi.

Kabati letu lina sanduku la 2,000 kwa 900, na kitako cha 100 chini yake. Watu wengi wangeweka kina cha 450 kwa sababu ni namba nzuri. Chora uone: pande mbili za urefu wa 2,000 zikitoka kwenye shiti, mwishoni kunabaki kipande cha 437 kwa 1,220. Kifuniko cha juu kinahitaji 450. Umekosa kwa 13, na utalazimika kufungua shiti jipya. Punguza kina kiwe 430 na kila kitu kinajipanga.

Shiti la kwanza linatoa pande mbili za 2,000 × 430, kifuniko kimoja cha 864 × 430 kutoka kwenye kipande cha mwisho, na ukanda wa 354 unaotoa rafu mbili. Shiti la pili linatoa milango miwili ya 1,996 × 447, kifuniko cha pili, na ukanda wa 320 unaotoa rafu mbili nyingine. Mashiti mawili yanatosha kabati zima, pamoja na shiti moja la 6 kwa mgongo wa 2,000 × 900. Namba 864 ni 900 ukitoa unene wa pande mbili. Plaiwudi yako ikiwa nyembamba, ihesabu upya. Rafu moja ikatwe 864 kamili kwa sababu itafungwa katikati ya sanduku. Tatu zilizobaki ziwe 862 ili zihame bila kukwaruza.

Rafu hazifiki mbele kabisa, na hilo nimelikusudia. Nafasi inayobaki nyuma ya mlango inatosha kuning'iniza daftari la vifaa, ufagio mdogo au mfuko wa funguo.

Kukata na kuunganisha

Ukitumia msumeno wa mviringo wa mkononi, uso mzuri wa plaiwudi utazame chini, kwa kuwa meno yake hukata yakipanda na kuchana upande wa juu. Ukitumia msumeno wa mkono au wa mezani, uso mzuri uwe juu. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari, kisha funga ubao ulionyooka kwa jiriwa uwe reli ya msumeno. Vaa miwani, kinga ya masikio na barakoa. Unga wa mbao ulio mwembamba kiasi cha kutoonekana ndio unaofika mapafuni.

Toboa matundu ya vishikizo vya rafu kabla ya kuunganisha, maana baadaye drili haitaingia vizuri. Biti ya 5, kina 10, umbali wa 32 kati ya tundu na tundu. Zungushia biti utepe ujue pa kusimama. Safu ya mbele ikae 120 kutoka ukingo wa mbele, ya nyuma 60 kutoka ukingo wa nyuma. Tengeneza kiolezo kutoka kwenye kipande kilichobaki, kisha andika CHINI kwa herufi kubwa upande mmoja. Kiolezo kikigeuzwa juu chini kwa upande mmoja tu, kila rafu itakaa mshazari, na hutajua sababu mpaka umeshapaka rangi.

Kuunganisha kwenyewe ni gundi ya mbao na skrubu za 4 × 50. Kila skrubu itanguliwe na tundu la biti ya 3, la sivyo tabaka za plaiwudi zitafunguka ukingoni. Anza na kifuniko cha chini, kisha rafu ya katikati, kisha juu. Achanisha skrubu kwa 150 hivi, na ya kwanza isikaribie kona kwa chini ya 40. Chini ya kifuniko cha juu na chini ya rafu ya katikati, upande wa nyuma, funga kiunzi cha mbao nzima cha 864 × 100 × 20. Hivi viunzi viwili ndivyo vitakavyolishika kabati ukutani. Mgongo wa 6 hauwezi kazi hiyo.

Gundi ikiwa bado mbichi, pima mishazari ya mbele. Kwa 2,000 kwa 900 yote miwili inapaswa kusoma 2,193. Zikitofautiana, vuta kona za mshazari mrefu kwa jiriwa hadi zilingane, kisha gundisha mgongo na uufunge kwa skrubu fupi pande zote. Mgongo ukishakaa, sanduku haliyumbi tena. Toboa juu na chini yake matundu machache ya hewa, kwani chumba kinachofungwa siku tano kwa wiki huleta ukungu kwenye nguo na vitabu. Acha gundi usiku kucha.

Rafu zisizobonyea

Watu huongeza unene wa rafu wakati tatizo ni upana wa nafasi. Rafu inayobeba mzigo uleule ikirefushwa mara mbili, hubonyea mara nane zaidi. Plaiwudi ya 18 yenye vitabu naiamini hadi 800, chipubodi, 600. Ya kwetu ina 862, imepita kidogo. Dawa yake ni kugundisha ubao wa mbao nzima wa 40 × 20 kwenye ukingo wa mbele, ukiwa umesimama wima na kushuka chini ya rafu. Ubao huo mdogo unaizuia rafu kubonyea bila kuiongezea tabaka zima la plaiwudi, na unaficha kingo pia. Parua kona yake kwa msasa, mikono mingi itapita hapo.

Rafu zikatwe nyuzi za uso zikienda kwa urefu wa rafu. Ramani yetu inafanya hivyo. Vifuniko vya juu na chini vina nyuzi za kukatisha, lakini kimoja kinakalia kitako na kingine hakibebi kitu, kwa hiyo si neno.

Milango

Upana wa 447 umetoka hivi: 900, toa 1.5 kila upande, toa 3 katikati, gawa kwa mbili. Ukibandika utepe wa ukingoni wenye unene wa 1, punguza mlango 2 kwa upana na 2 kwa kimo kabla ya kubandika.

Tumia bawaba za kikombe cha 35, zile zinazozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango. Zina skrubu za kurekebishia pande tatu, na kwa kabati lisilo na mwenyewe hilo ni muhimu kuliko uzuri. Mlango wa kimo hiki unataka bawaba nne. Ukiweka mbili kwa kubana matumizi, ya juu itang'oka. Toboa kikombe kwa kina cha 12.5, na katikati yake iwe 22.5 kutoka ukingoni, ila kwanza soma karatasi iliyokuja na bawaba. Jaribu kwenye kipande cha taka. Plaiwudi ya 17 ikitobolewa 12.5 inabaki na 4.5 tu, na biti yenye ncha ndefu inaweza kutokeza upande wa pili.

Mshikio uwe wa umbo la D, mpana kiasi cha vidole vinne. Vifundo vya duara vinawatesa wazee wenye baridi yabisi, na huzunguka mpaka vikalegea. Ufunge kwa boliti zinazopenya mlango, usitumie skrubu za mbao.

Kuhusu kufuli, mlango mmoja uwe na makomeo ya ndani juu na chini, wa pili ndio wenye kitasa. Kwenye nafasi ya meza, isiyo na rafu, tumia sumaku peke yake. Watoto hujificha humo, na sumaku inafunguka ikisukumwa kutoka ndani.

Rangi

Paka kabla ya kufunga milango. Msasa namba 120, kisha 180, futa vumbi kwa kitambaa kibichi kidogo, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, parua kwa 240, halafu rangi mikono miwili. Kingo za chini za pande na milango zipate mkono wa tatu kwa ajili ya maji ya deki. Nyuma ya mlango upake mara zilezile ulizopaka mbele. Upande mmoja ukiwa umezibwa na mwingine uko wazi, unyevu unaingia kwa upande mmoja na mlango unapinda.

Rangi au vanishi ya maji ina harufu ndogo, inafaa chumba kinachotumiwa. Ukichagua mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke, usivirundike pembeni. Rundo hilo hujipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Na rangi iliyokauka kwa kugusa bado haijakomaa: ukipanga vitabu siku ya pili, vitabanduka pamoja na ngozi ya rafu. Vipe rafu siku kadhaa zikiwa tupu.

Kufunga

Sakafu haiko sawa. Iamini pimamaji, si macho. Tafuta sehemu ya sakafu iliyoinuka kuliko zote kwenye mstari wa makabati, uanzie hapo. Weka kitako, na kwingineko kiinue kwa kabari mpaka pimamaji itulie kwa urefu na kwa kina. Hapa ndipo faida ya pili ya kitako kilichotengana: unasawazisha fremu nyepesi ya mbao badala ya kabati la kilo 70. Kisha kabati linapanda juu yake likiwa tayari limenyooka. Kitako kirudi nyuma 50 kutoka mbele ili vidole vya miguu vipate pa kuingia.

Kabla ya kutoboa ukuta, fikiria nyaya na mabomba. Kwa kawaida nyaya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au hukatisha mlalo, basi usitoboe kwenye njia hizo. Ukiwa na kifaa cha kutambua nyaya, kitumie. Ukuta wa matofali unataka plagi za plastiki za 8 na skrubu inayoingia 50 ndani ya tofali lenyewe, bila kuhesabu plasta. Ukuta wa bodi unataka skrubu zishike nguzo za ndani, ambazo mara nyingi zimeachana 400 au 600. Funga skrubu mbili kwenye kila kiunzi cha nyuma. Hata kabati zito lifungwe: mtoto akipanda rafu ya pili milango ikiwa wazi, uzito wote uko mbele.

Makabati yakiwa kadhaa, yabane kwa jiriwa nyuso za mbele zilingane, uyaunge kwa skrubu za 30 kupitia pande zake, ndipo uyakaze ukutani. Ukiyakaza moja moja yatafuata mabonde ya ukuta. Pengo linalobaki kwenye ukuta wa pembeni liachie kuanzia 20, uzibe kwa kipande cha mbao kilichochorwa kwa bikari: ncha inafuata ukuta, penseli inaandika umbo lake kwenye mbao, nawe unakata kwa mstari huo. Ni kazi ya robo saa, na ndiyo inayofanya kabati lionekane limezaliwa na chumba.

Funga milango mwisho kabisa. Anza na skrubu ya juu na chini, kisha ya pembeni, mpaka pengo la katikati lisome 3 kutoka juu hadi chini. Kipande cha plaiwudi ya 3 kikipita chote bila kukwama, umemaliza. Rudi baada ya mwezi na bisibisi, kwa sababu bawaba mpya hulegea kidogo zikishazoea uzito.

Kabla ya kukabidhi, mimi huandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kulia: vipimo vya rafu, aina ya bawaba, namba ya rangi. Chini ya kifuniko cha juu nagundisha mfuko wenye vishikizo vinne vya rafu, bawaba moja ya akiba na bisibisi fupi. Bisibisi huwa ndiyo ya kwanza kupotea.